Naomba ushauri: zimwi wangu akiwa mwema, bado atachekesha?

Habari zenu wakuu. Naandika hadithi ya watoto wa darasa la tano na la sita, inatokea huku kwetu Dodoma. Adui ni zimwi anayeitwa Mavumbi, anaishi kwenye mapango ya Kolo, Kondoa, kule kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Anaiba mawingu na kuyafungia kwenye vibuyu. Huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo uovu wake ni mzito: mtama unakauka, ng'ombe wanakonda. Lakini kila akitaka kuunguruma, chafya inamkatisha.

Anabadilika kidogo kidogo. Kwanza anaachia kiwingu kimoja kwa sababu binti mpiga ngoma ya muheme amemsifia masharubu. Baadaye binti anaumwa, naye anamchotea maji usiku, huku akiapa kwamba anayaiba. Sehemu hiyo naipenda sana.

Shida inaanza akishakuwa upande wa wanakijiji. Anakuwa mpole mno, utani unakufa. Halafu wakulima wanamsamehe upesi, na mimi nimekulia kwenye njaa za huku, siwezi kuichukulia hasara ya shamba kirahisi hivyo.

Mnaoandikia watoto, na walimu mliomo humu: nimwachie kiburi na chafya zake hadi mwisho? Na afanye kazi gani ya kulipa, kupanda upya mashamba au kuchimba lambo, kabla wazee hawajamkaribisha kikaoni?