Mdogo wangu kateuliwa Miss Kenya kwa ujumbe wa Instagram, adaiwa dola 1,500. Naomba ushauri

MwanaMajengo

Assalamu alaikum, na wengine wote hamjambo.

Nina mdogo wangu wa kike, miaka 22, yuko chuoni hapa Mombasa anasomea utalii. Ni mrefu, na akipewa maikrofoni hababaiki. Mashindano ya urembo ya hapa mjini ameshayaingia, na moja alitoka wa pili. Sasa wiki iliyopita ameletewa ujumbe Instagram na watu wanaojiita waandalizi wa taji la kimataifa, fainali iko nchi moja ya Asia. Wanasema wameziona picha zake na wamemteua awakilishe Kenya. Hakuna mchujo wala mahojiano. Anachotakiwa ni kulipa dola 1,500 za ushiriki kabla mwezi haujaisha. Tiketi ya ndege juu yake, mavazi juu yake. Wao watatoa hoteli, chakula na ukanda wa nchi.

Hizo ni karibu laki mbili za Kenya bila kuhesabu ndege. Mama ameshazivua bangili zake za dhahabu, anataka kwenda kuziuza. Ami yetu naye kaja juu, asema msichana wa nyumba ile hapandi jukwaani na nguo ya kuogelea dunia nzima ikimtazama. Baba ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo macho yote yako kwangu.

Nauliza hivi: mambo haya ndivyo yanavyoendeshwa? Hiyo nguo ya kuogelea ni lazima? Na kuna mkataba mrefu wa Kiingereza wanataka autie sahihi, niangalie nini humo?

ChaiYaRangi

Laki mbili? Nipelekeni mimi. Kitambi ninacho lakini natabasamu vizuri.

BintiTudor

Kaka, nimepita kwenye majukwaa haya na baadaye nikakaa upande wa waandalizi, kwa hiyo soma kwa utulivu.

Mataji makubwa ya dunia ni manne. Miss World ilianzishwa Uingereza mwaka 1951 na Eric Morley. Miss Universe ilianza mwaka uliofuata huko Long Beach, California. Miss International ni ya 1960, na Miss Earth, hii ya mambo ya mazingira, ilianza 2001 Ufilipino. Yote manne hayaendi kutafuta msichana mmoja mmoja mtandaoni. Kila nchi kuna mtu au kampuni iliyopewa leseni ya jina hilo, huyo ndiye anayeandaa mashindano ya taifa, na kwa kawaida anayeshinda ndiye anayesafiri. Flaviana Matata wa Tanzania, yule aliyepanda Miss Universe 2007 kule Mexico na kipara chake akaingia kumi bora, alishinda kwanza nyumbani. Zozibini Tunzi aliyelichukua taji hilo 2019 na nywele zake fupi za asili alikuwa kwanza Miss South Africa. Hakuna aliyeokotwa Instagram.

Chini ya hayo manne kuna mataji madogo chungu nzima, kila mwaka yazaliwa mapya na mengine yafa. Na hapa watu wengi hukosea wakidhani yote ni utapeli. Mengine ni mashindano kweli, yana jukwaa, yana majaji, picha zatoka. Ila pesa za kuyaendesha zatoka kwa wasichana wenyewe. Ukilipa dola 1,500 na hukuchujwa na mtu, wewe si mshindani, wewe ni mteja. Hicho ndicho unachonunua: safari, picha na ukanda. Kama mama anajua kuwa bangili zake zinanunua hivyo tu na bado anataka, ni mali yake. Lakini asiuze akidhani ananunua nafasi ya mwanawe kuwa nyota.

Namna ya kuwachunguza ni hii. Ingia kwenye kurasa zao, tafuta warembo wa mwaka uliopita, kisha waandikie WALIOSHINDWA. Aliyeshinda atakusifia tu, ana taji la kulinda. Mtafute aliyetoka bila kitu, Uganda, Zambia, popote, umuulize: chumba mlilala wangapi? Pasipoti mlikaa nazo wenyewe? Mlipofika mlidaiwa pesa nyingine? Uliza pia zile kura za kulipia, maana kuna wengine huuza nafasi ya kuingia kumi bora kwa kura za pesa. Hapo anayeshinda ni yule mwenye jamaa wengi wenye simu.

Halafu tazama pesa inaingia akaunti ya nani. Ikiwa ni jina la mtu binafsi, funga simu.

MtuWaLikoni

BintiTudor umesema vizuri lakini nyie mtawatia watoto uoga. Watu wa pwani ndio tabia yetu, kila fursa tunaipa jina la utapeli, kisha Nairobi wanaichukua na sisi tunabaki kupiga makofi. Kulipia si dhambi. Mbona watu hulipia kozi, hulipia maonyesho ya biashara Dubai? Msichana akienda akapata picha nzuri na watu wa kumjua, laki mbili zinarudi. Mimi ningempeleka.

BintiTudor

@MtuWaLikoni zinarudi kwa njia gani? Nitajie mmoja wa hapa zilizomrudia kwa taji la kununua. Si ubishi, nataka kumjua.

Mzee_wa_Kuze

Mwanangu MwanaMajengo, waalaikum salaam. Ami yako usimfanye adui. Neno lake halitoki kwenye chuki, latoka kwenye kuona mtoto wa nduguye marehemu ni amana. Kaa naye msikilizane kabla hamjakaa na hao wa Instagram.

Lulu_Nyali

Heshima kwako mzee wangu. Kuhusu nguo ya kuogelea nijibu mimi, maana watu huongea kama vile mambo bado ni ya miaka ya sabini.

Miss World ilipofanyika Bali, Indonesia, mwaka 2013, Waislamu wa huko walilalamika na bikini zikaondolewa, wasichana wakavaa saruni. Mwisho wa 2014 waandalizi wakatangaza kuwa raundi hiyo basi. Miss Universe bado wanayo, lakini 2023 Erica Robin wa Pakistan alipita raundi hiyo amejisitiri mwili. Na kuna Halima Aden, mtoto aliyezaliwa kambi ya Kakuma hapa kwetu Kenya, familia ikahamia Marekani. Mwaka 2016 aliingia Miss Minnesota USA na hijabu na burkini, ile nguo ya kuogelea inayofunika mwili, akafika nusu fainali. Baadaye, 2020, akaamua mwenyewe kuacha majukwaa ya mitindo kwa sababu ya dini yake. Kuingia aliingia kwa masharti yake na kutoka alitoka kwa masharti yake.

Kwa hiyo swali ni taji gani, na linasema nini kwenye karatasi. Muulizeni mwandalizi kwa maandishi: msichana akivaa nguo ya kusitiri atakatwa alama? Jibu la simu halihesabiki.

Mzee_wa_Kuze

Ahsante binti, hayo ya Bali sikuyajua. Lakini nguo ni nusu ya neno. Nusu ya pili ni mtoto wa watu kusimama apangwe wa kwanza, wa kumi, wa thelathini. Hilo burkini hailisitiri. Nimesema, wala sigombani.

Wakili_Mvita

Kwenye mkataba tazama haya, mengine ni mapambo.

Picha na video zake ni za nani, kwa muda gani? Mikataba mingi huchukua haki hiyo milele, ukija kupata kazi ya matangazo unakuta jina lako lina mwenyewe. Je, mapato yake ya baadaye yanakatwa asilimia? Akijitoa, analipa faini? Pesa hurudishwa tukio likiahirishwa? Kesi ikizuka inasikilizwa nchi gani? Ukikuta mahakama ni ya huko Asia, ujue hutakwenda. Na kipengele cha maadili kisome mara mbili, kwa sababu huwa kimeandikwa kwa upana kiasi kwamba chochote kinaingia. Mtakumbuka mshindi wa Miss World Kenya alivuliwa taji 2016 baada ya picha zake za faragha kuvuja. Kesi ikafika Mahakama Kuu mwaka huohuo, faragha upande mmoja, mkataba upande wa pili. Na hilo lilikuwa taji la hapahapa nyumbani, mahakama unaifikia kwa basi.

Ana miaka 22, sahihi yake inamfunga yeye mwenyewe. Kaka huwezi kuja baadaye kusema hukumruhusu.

MamaZuhura

Mimi naangalia usalama tu. Hata kwenye mataji makubwa kuna makubwa. Mei 2025 Miss England aliondoka Miss World kule India kabla ya fainali, akalalamika kuwa walikalishwa na wafadhili kuwaburudisha. Waandalizi wakakanusha. Novemba ya mwaka huohuo, kwenye Miss Universe kule Thailand, mwandalizi mmoja alimkaripia Miss Mexico, Fátima Bosch, mbele ya wenzake na kamera zikirusha moja kwa moja. Akasimama akatoka, wenzake kadhaa wakamfuata nje, na mwisho wa yote ndiye aliyevishwa taji. Lakini yeye alikuwa na nchi nzima nyuma yake na vyombo vya habari vimejaa ukumbini. Mtoto wetu akikaripiwa, au akiambiwa usiku wa saa nne kuna chakula na mfadhili, atatoka aende wapi? Nani anamjua huko?

Kama ataenda popote, tiketi ya kurudi iwe mkononi mwake, pasipoti asiitoe, na awe na pesa za hoteli nyingine mbali na hiyo yao. Visa iwe ya alichokwendea, si ya kitu kingine. Tumeona wasichana wangapi wa pwani wameitwa kazi nzuri nje wakafika wakakuta sivyo.

ChaiYaRangi

Hapa sasa hata mimi nimeghairi.

MwanaMajengo

Nimerudi. Nawashukuru sana, hasa BintiTudor na mzee wangu wa Kuze.

Tulifanya kama mlivyosema. Tuliwaandikia warembo wa mwaka jana. Mmoja wa Afrika Magharibi akajibu kwa sauti, dakika nyingi. Asema mashindano yalikuwepo, hakudhulumiwa jukwaa. Ila walilala wanne chumba kimoja, na walipofika wakadaiwa pesa za vipodozi na za mpiga picha ambazo hazikutajwa kabla. Kura zilikuwa za kununua, kama ulivyosema.

Kisha mdogo wangu mwenyewe akawaandikia waandalizi kuwa pesa hana. Haikupita saa moja wakashuka hadi dola 900, "kwa ajili yako tu". Akauliza akaunti, wakaleta jina la mtu. Alicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Amewakatalia. Bangili zimerudi mkononi kwa mama, ingawa mama alinuna kidogo, nadhani alishajiona uwanja wa ndege. Ami nilikaa naye baada ya Isha. Hajakubali, lakini amesema kama ni la taifa, na nguo ni ya heshima, atakaa kimya. Kwa ami wangu hiyo ni nyingi.

Sasa anataka kungojea mchujo wa taifa wa moja ya yale manne. Je, si atakuwa amechelewa? Anaona miaka yamkimbia.

Lulu_Nyali

Miaka 22 anakimbiwa na nini? Miss Universe wameondoa kikomo cha juu cha umri kuanzia mashindano ya 2024, na tangu 2023 walioolewa na wenye watoto wanaruhusiwa. Mataji mengine yana vikomo vyao, asome masharti ya kila moja. Lakini kwanza athibitishe leseni ya Kenya mwaka huu iko kwa nani, kwenye ukurasa rasmi wa taji lenyewe, si kwa anayejitangaza. Leseni huhama mikono.

BintiTudor

Na asikae bure akingoja. Miss World wana Beauty With a Purpose, wanataka mradi wa kijamii wa kweli, si picha na watoto yatima siku moja. Aanze kitu hapa sasa hivi, kidogo, akijue ndani nje. Majaji wakimuuliza, hatakuwa na la kukariri. Ajizoeze pia kuulizwa jambo na kulijibu kwa sekunde thelathini, kwa Kiswahili akitaka. Wengi huanguka hapo, si kwenye mwendo.

MwanaMajengo

Sawa dada. La mwisho: anataka vazi la taifa lishonwe kwa leso, yaani kanga. Kuna fundi hapa?

FundiBondeni

Nipo. Leso nunueni Mtaa wa Biashara, doti tatu za chapa moja kama gauni lina mkia, mbili hazitoshi. Zifueni kwanza kabla ya kuniletea, nyingine hutoa rangi. Na achague jina, yaani yale maneno ya kwenye leso, analoweza kulisimamia mbele ya watu, maana mimi pindo siligusi na jina nitaliweka mgongoni, majaji walisome akigeuka. Nimekuandikia faraghani, mje asubuhi, mchana kuna joto na mashine moja ni mbovu.