Bungalo za Milimani, Kisumu: zihifadhiwe au zipishe fleti?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu zangu, hamjambo. Nauliza kuhusu zile nyumba zisizo na ghorofa zilizojengwa Milimani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, zenye paa la mteremko mdogo, kuta za matofali ya matundu, sakafu ya teraso na baraza pana. Nyingi zimeachwa ziharibike. Wenyewe wamefariki au wamehamia ng'ambo, na warithi wanavutana mahakamani. Moja iliyo jirani nami imezungushiwa mabati mwezi huu, na tangazo lililobandikwa langoni linaomba ruhusa ya kubadilisha matumizi ya ardhi ili zijengwe fleti.

Mimi naona serikali ya kaunti izuie. Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta, katika mwinuko wa mita 1,130 hivi, na aliyejenga nyumba hiyo alilielewa jua letu: kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, kuta fupi ndizo zinazopokea jua la asubuhi na la jioni, na upepo wa mchana utokao ziwani unapita sebuleni na kutokea upande wa pili. Fleti zinazojengwa leo zina madirisha makubwa ya vioo yanayotazama magharibi, na wakaazi wake hulala na feni usiku kucha. Tukiibomoa, tunaondoa ujuzi ambao bado tunauhitaji.

Mlipa Kodi

Mwalimu, kwa heshima zote, ni nani atakayelipa? Nyingi ya nyumba hizo zimeezekwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Huwezi kumwita fundi yeyote aiezue. Unahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na mkandarasi mwenye leseni, na gharama hiyo peke yake inamshinda mrithi wa kawaida. Tena, katika miaka hiyo ya 1950 babu zetu waliingia Milimani kama vibarua, na jua likitua, asiyelala katika chumba cha watumishi alitakiwa awe ameondoka. Leo mnataka tuwanyime vijana wetu makao ili tutunze sebule ya bwana shauri, yule mtawala wa kikoloni?

Msanifu wa Nakuru

Ndugu Mlipa Kodi anachanganya mambo mawili, yaani aliyeijenga nyumba na thamani ya nyumba yenyewe. Asmara ilijengwa na Waitaliano, lakini ni Waeritrea huru walioipeleka UNESCO, nayo ikaandikishwa mwaka 2017 kama mji wa Kiafrika wa usanifu wa kisasa. Hapa kwetu tulipata wasanifu wa hadhi ya dunia. Ernst May, aliyesimamia ujenzi wa makazi mapya ya Frankfurt katika miaka ya 1920, alifika Afrika Mashariki mwaka 1934 na akafanya kazi Nairobi na Kampala kabla ya kurudi Ujerumani. Mawazo ya kujenga kwa kufuata jua na upepo yalifanyiwa kazi papa hapa.

Sheria pia ipo. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya 2006, waziri anaweza kutangaza jengo kuwa turathi katika Gazeti Rasmi, na mwenye maslahi anapewa miezi miwili kupinga. Kuhusu fedha, ploti hizi ni kubwa mno kwa nyumba moja. Vyumba vya watumishi vilivyo nyuma vinaweza kubomolewa bila hasara yoyote, kwa sababu havina usanifu wa kuhifadhiwa, na mahali pake zikajengwa fleti chache za kugharamia ukarabati wa nyumba kubwa.

Binti wa Nyalenda

Bila hasara yoyote kwa nani, Ndugu Msanifu? Mama yangu alifanya kazi katika nyumba ya namna hiyo, na sisi watoto wake tulilala katika chumba hicho cha nyuma ambacho unakifuta kwa sentensi moja. Baraza na teraso mnazozisifu zilibaki zikimetameta kwa sababu mtu aliamka alfajiri akazipiga deki. Ukirekebisha sebule na kubomoa chumba cha aliyeisafisha, unawaachia wajukuu wetu nyumba isiyo na historia ya kweli, nao wataamini kwamba ilijisafisha yenyewe.

Naye Mlipa Kodi asitumie jina la babu zetu. Fleti hizo mpya hazitapangishwa kwa mlinzi wala kwa mama mboga.

Fundi wa Kondele

Nimezikarabati kadhaa, kwa hiyo naomba nizungumzie nilichokiona kwa macho. Vyumba vya nyuma vimejengwa kwa zege na matofali yale yale ya nyumba kubwa. Kilichobadilishwa ni mengine: bati limewekwa bila dari, dirisha ni dogo na limepandishwa juu ili aliye ndani asione bustani, mlango umegeuziwa ukuta wa mpaka, na choo kiko nje. Mtu alikaa mezani akayapanga hayo yote kwenye ramani. Nyumba kubwa imepangwa ili kukimbia joto. Chumba cha nyuma kimeachiwa joto lote. Atakayesema kwamba hakina usanifu na aingie humo saa nane mchana mwezi wa Februari.

Kuhusu kuanguka, adui wa kwanza ni mfereji wa paa ulioziba. Maji yanaingia kwenye linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha, chuma kinapata kutu, kinavimba na kupasua zege. Fremu za chuma za madirisha nazo huliwa vivyo hivyo. Nyumba ikiwahiwa mapema, hii si kazi ya kumfilisi mtu. Zile zilizojengwa juu ya udongo mweusi ni shauri jingine, kwa sababu udongo huo huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, na kwa baadhi yake hata mimi ningeshauri zivunjwe.

Mlipa Kodi

Dada wa Nyalenda, mimi si mwenye fleti. Mimi ni mpangaji, kama walivyo wengi mjini humu, na sikubali kuambiwa kwamba nawatumia wazee wangu kama kisingizio. Babu yangu alilala katika vyumba hivyo hivyo, na hadi anafariki hakutaka kukanyaga tena huko. Ikiwa kumbukumbu ni ya kwetu, basi na sisi tuna haki ya kuiondoa.

Msanifu wa Nakuru

Sijamdharau mama ya mtu, na ninaomba nisisingiziwe. Kuhifadhi ni kuchagua. Vyumba vya nyuma vinaweza kupimwa, kuchorwa na kupigwa picha, na kumbukumbu hiyo ikatosha. Tukidai kila ukuta ubaki, mwenye mali hatabakiza hata mmoja.

Binti wa Nyalenda

Basi ipigwe picha nyumba kubwa pia, na ibomolewe. Kwa nini picha iwatoshe watumishi peke yao?

Mama wa Bondeni

Wanangu, nimesoma yote, nami naona mnagombania ua mmoja huku mitaa mizima ikiondoka. Hapa Nakuru tuna Flamingo, Kivumbini na Bondeni, nyumba za baraza la mji zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika enzi ya ukoloni. Nyinyi wa Kisumu mlikuwa na Makasembo, nayo ilibomolewa ili kupisha ghorofa mpya, wala sikumsikia msanifu yeyote akitaja Ujerumani. Kama chumba cha mtumishi kina thamani, na mimi nasema kinayo, tuanzie pale ambapo Waafrika waliishi kwa maelfu, wakalea watoto na kuunda vyama vya wafanyakazi.

Fundi wa Kondele

Mama umenena. Lakini nyumba za baraza zina chumba kimoja au viwili, mabomba yake yamechakaa, na familia zinabanana. Waulize wanaoishi humo leo kama wanataka kuhifadhiwa au wanataka maji ndani ya nyumba.

Mama wa Bondeni

Wanataka yote mawili, na wanataka zaidi ya hayo kuhakikishiwa kwamba nyumba mpya zikijengwa watarudi wao wenyewe, si wageni. Mabomba hubadilishwa bila kubomoa ukuta.

Mwalimu Mstaafu

Nawashukuru, lakini tangazo bado liko langoni na muda wa kupeleka pingamizi kwa kaunti unakwisha. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaturuhusu kupinga kwa maandishi. Nitaandika barua, na nitaomba ramani za awali zitolewe kabla ya uamuzi wowote. Nani atatia sahihi?

Binti wa Nyalenda

Mwalimu, nitatia sahihi iwapo barua itataja ploti nzima, pamoja na vyumba vya nyuma na choo chake. Ikitaja nyumba kubwa peke yake, usiniandike.

Mlipa Kodi

Mimi nitapeleka ya kwangu kuunga mkono fleti, kwa sharti kwamba kaunti ilazimishe sehemu yake ipangishwe kwa bei ambayo mlinzi anaweza kuilipa. Tutakutana kwenye kikao.