Mwaka wa kwanza Bagamoyo: hosteli, geto au kwa shangazi Bunju?

Mtoto wa Korogwe

Wakuu, heshima yenu.

Nimechaguliwa chuo Bagamoyo, Shahada ya Sayansi na Elimu, tunafungua mwezi ujao. Bagamoyo yenyewe naijua kwa dirisha la basi tu, tukishuka Dar kwa njia ya Msata. Bodi ya Mikopo wamenipa hela ya chakula na malazi yote, 10,000 kwa siku, ila ada wamenipa nusu. Hiyo nusu nyingine mzee anaihangaikia, kwa hiyo nikishaondoka nyumbani simu ya kuomba hela sipigi. Naenda na laki mbili na nusu mkononi.

Sehemu za kukaa ninazo tatu. Hosteli ya chuo: tunalala wanne chumbani, 150,000 kwa muhula, kupika marufuku. Geto Magomeni, Bagamoyo hapo hapo: dalali kanitumia picha, 40,000 kwa mwezi, miezi sita mbele, umeme wa kuchangia. Ya tatu ni kwa shangazi yangu Bunju, Dar, ambako silipi kitu. Ana duka na watoto wadogo wawili.

Mliopita huko mngekaa wapi?

Kolekole

Hosteli. Mengine stori.

Mwaka wa Tatu Huyu

Kolekole kamaliza mapema, ngoja nimfafanulie kijana.

Mdogo wangu, bei ya mwezi isikuzubaishe. Angalia kwanza kila mmoja anaitaka hela yake lini, kwa sababu boom, hiyo hela ya Bodi, halikusubiri getini. Unafika, unalipa sehemu yako ya ada, unasajiliwa, jina linaonekana kwenye orodha, unasaini, ndipo benki inasoma. Wapo wanaosaini mapema. Wapo pia ambao namba ya mtihani wa kidato cha nne imeandikwa tofauti na tarakimu moja tu, na hao ndio unaowaona wanazunguka ofisi ya mikopo wakati wenzao wameshanunua simu.

Sasa chukua hicho chumba cha Magomeni. 40,000 mara sita ni 240,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, inakuwa 280,000. Wewe una 250,000. Hata kizingiti hujavuka.

Haya, tujifanye boom limeingia siku ile ile unayoshuka kwenye basi, jambo ambalo sijapata kuliona. Boom la siku 60 ni 600,000. Toa 280,000, unabaki na 320,000, yaani 5,300 na kidogo kwa siku, na hapo hujanunua jiko, sufuria, ndoo, pazia, wala hujafotokopi chochote. Mwenye nyumba akikubali miezi mitatu, unatoa 160,000 pamoja na ya dalali, unabaki na 440,000. Hiyo ni zaidi ya 7,300 kwa siku, mtu anaishi. Mkiwa wawili chumba kimoja kwa miezi sita, kila mtu 140,000, kila mtu anabaki na 460,000. Geto la peke yako kwa miezi sita mbele, muhula wa kwanza, futa kabisa.

Hosteli ukilipa 150,000 unabaki na laki moja ya kusubiria boom. Asubuhi chai na chapati mbili, mchana wali maharage kwa mama ntilie, usiku mihogo au chipsi kavu. Laki inasogea wiki tatu ukijibana, na mara nyingi ndani ya hizo wiki tatu mambo yanakuwa yameeleweka.

Tena mwaka wa kwanza hujui mtu. Asaimenti za mwanzo, kozi za mawasiliano na maendeleo, karibu zote ni kazi za makundi, na makundi yanakutana usiku, hosteli. Wa nje anapigiwa simu asubuhi kuulizwa jina lake liandikwe au lisiandikwe.

Abiria wa Bunju

Naomba niongelee hiyo ya shangazi, kwa kuwa mimi mwaka wa kwanza nilikuwa natokea huko huko, kwa kaka yangu.

Zuri lake: asubuhi unakwenda kinyume na watu. Mapinga, Kerege na Zinga wote wanakimbilia Dar, wewe unaelekea Bagamoyo, kiti unapata. Ila gari nayo haiondoki mpaka ijae, kwa hiyo kiti unacho na kipindi kinakupita ukiwa umekikalia.

Nauli usidanganyike kwamba mwanafunzi ni mwanafunzi. Kitambulisho cha chuo konda anakiangalia, anakurudishia, anasubiri hela yake. Weka 4,000 kwenda na kurudi, na kipande cha boda humo. Siku tano ni 20,000. Mwezi ni 80,000. Hicho chumba cha Magomeni ni 40,000! Yaani kukaa bure Bunju ni sawa na kupanga vyumba viwili Bagamoyo.

Halafu kuna ratiba. CR, kiongozi wa darasa, anatuma ujumbe usiku kwamba kipindi cha saa mbili asubuhi kimehamia saa kumi jioni. Wa hosteli anageuka upande wa pili analala. Wewe umeshafika, unakaa chini ya mti mpaka jioni, na baada ya magharibi magari ya kurudi yanapungua.

La mwisho, mdogo wangu, usichukie. Shangazi mwenye duka na watoto wadogo wawili, huendi kukaa pale, unaenda kuajiriwa. Utauza sukari robo robo huku umeshika daftari. Siyo ubaya wake. Na wewe ukila kwake huwezi kusema nina jaribio kesho.

Mwaka wa Tatu Huyu

Hiyo ya kiti nimecheka peke yangu.

Lakini Abiria, kwa wiki mbili za mwanzo za kusubiri boom? Si bora akae kwa shangazi, laki mbili na nusu yake ibaki nzima?

Abiria wa Bunju

Wiki mbili sawa. Tatizo hosteli hazimsubiri. Vitanda vinagawanywa wiki ya usajili, ukija baadaye unapewa kile cha mlangoni au unaambiwa vimejaa. Alipe kitanda kwanza, halafu wikendi aende Bunju akale, afue, arudi Jumapili na kifurushi. Shangazi wa wikendi ni mtamu kuliko shangazi wa kila siku.

Kaka Geto

Naona hosteli imepata wapambe. Mbona hamsemi ukweli wote?

Wanne chumbani maana yake watatu kati yao wana wageni. Mmoja anasikiliza mpira, mmoja anaongea na mchumba wake mpaka saa nane usiku, na mwenye taa anataka iwake. Hita ukikamatwa nayo inachukuliwa. Jiko la umeme ndiyo kabisa. Kwa hiyo milo mitatu yote ni ya kununua, na hela ya boom inaishia hapo, siyo kwenye kodi.

Sisi tuko wawili Nianjema. Mtungi mdogo wa gesi, kilo sita, tunapika mchana mara moja tunakula mpaka usiku. Mchele, maharage, mafuta na nazi tunanunua kwa pamoja boom likitoka. Kwa mtu anayejua kupika, tofauti ya chakula inalipa kodi na chenji inabaki. Asiyejua kupika namshauri hosteli kwa roho safi.

Ngoma Mbili

Mimi nasoma TaSUBa, chuo cha sanaa hapa Bagamoyo, kwa hiyo naujua mji kwa miguu. Mmeng'ang'ania Magomeni na Nianjema, Dunda mbona hamtaji? Upande wa Mji Mkongwe kuna nyumba za kale za mawe ya matumbawe, ukuta mnene, mchana wa Januari ndani kuna ubaridi wakati nyie chini ya bati mnachemka. Vyumba ni vichache na vina giza, ila ukikipata hukiachi.

Angalizo: ngoma mtazisikia. Na wiki ya tamasha letu la sanaa mji unajaa wageni, mwenye mtihani karibu akahamie Kerege. Naomba radhi kwa niaba ya wenzangu.

Mwenye Nyumba Magomeni

Wanangu nimewasoma wote, sasa na mimi niseme, maana wenye nyumba tunasemwa sana.

Miezi sita hatuombi kwa tamaa. Mwanafunzi anafunga chuo, anaondoka na ufunguo, kodi imekwisha, godoro limo ndani, simu haipatikani. Mlango siwezi kuvunja, chumba siwezi kumpa mwingine. Akirudi anasema mama nilikuwa likizo. Likizo yake mimi nailipia.

Lakini kijana akija mwenyewe, akanisalimia, akanipigia baba yake tukazungumza, miezi mitatu nampa. Nimewapa wengi. Asichofanya ni kumtuma dalali amwombee, kwa sababu dalali akishapata ya kwake hana haja ya kujua mimi na mpangaji tutaishije.

Na picha za simu msiamini. Njooni muone kwa macho. Uliza mita moja ya LUKU inabeba vyumba vingapi na nani ana friji, maana mwenye friji na mwenye taa moja wakichanga sawa ugomvi hauishi. Maji yaonje. Visima vingine huku kwetu vina chumvi, unasugua sabuni povu halitoki. Ukutani chini angalia kama kuna mstari wa maji, hapo utajua masika mvua inapita wapi. Choo kihesabu na watu wake.

Mtoto wa Korogwe

Shikamoo mama. Nashukuru sana.

Wakuu, nimewaelewa. Sikuwa nimepiga hiyo hesabu ya nauli, nilikuwa naona Bunju ndiyo nafuu kupita zote. Kaka Geto, mimi kupika najua, nyumbani tumezaliwa wavulana watupu. Tatizo ni huyo wa kushirikiana naye, simjui mtu. Na samaki huko mnanunua kwa bei gani? Kwetu dagaa wanafika wamekauka.

Kaka Geto

Wa kushirikiana naye utampata hosteli. Mchunguze muhula mzima: anayelipa deni la mia tano bila kukumbushwa, huyo ndiye wako.

Kolekole

Sasa mmegusa mambo yangu. Nimezaliwa Dunda, baba mvuvi.

Mdogo wangu, bei ya dagaa usimuulize mtu, tazama juu. Wanavuliwa usiku kwa taa. Wakati wa giza taa inawakusanya, ndoo zinajaa, fungu linakuwa kubwa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umeenea bahari nzima, dagaa hawana haja na taa yako, wavuvi wengi wanapumzika na bei inapanda. Kwa hiyo wanunue wakati wa giza, wakaange wakauke vizuri, wanakaa siku kadhaa bila friji. Nyie mnaofungua Novemba mna bahati, kaskazi inaanza na mashua nyingi zinatoka. Kusi likivuma kwa nguvu, mkae mkao wa maharage.

Sokoni usikimbilie mnadani, pale wanashindana wenye mitaji na wachuuzi wa Dar. Subiri mnada upoe, wale mama wanaokaanga wanauza mafungu madogo ya vibua. Pweza sahau, huyo ni wa watalii na wenye mishahara.

Mwaka wa Tatu Huyu

Kolekole, kumbe unaandika! Mwanzo ulitupa maneno matatu.

Kolekole

Mwanzo mlikuwa mnaongelea nyumba.

Mtoto wa Korogwe

Basi nakwenda hivi: hosteli muhula wa kwanza, wikendi moja moja kwa shangazi, halafu nitafute geto la watu wawili nikishamjua mtu. Mzee nimemsomea hesabu zenu, kasema namba zinaeleweka, anashangaa ya dalali tu.

Swali dogo la mwisho. Godoro nibebe kutoka nyumbani au ninunue huko? Na chandarua?

Abiria wa Bunju

Hosteli nyingine wanatoa godoro, piga simu uulize kwanza. Kama hawatoi, nunua Bagamoyo. Godoro kwenye basi utalipishwa kama abiria, na ukifika Msata utakuwa umelikumbatia mwenyewe.

Ngoma Mbili

Chandarua beba, usijadili. Mji wenyewe ndio huu ambao chanjo za malaria zilifanyiwa majaribio, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, hapa hapa Bagamoyo. Unadhani walikuja kwa ajili ya upepo wa bahari?

Mwenye Nyumba Magomeni

Marahaba mwanangu. Na kamba ya kutungikia chandarua, msumari hosteli hawaruhusu kupigilia.

Ukishapata mwenzako wa kukaa naye njooni wote wawili niwaone. Nina chumba cha uani, aliyepo anamaliza chuo Julai. Madirisha mawili, maji ya DAWASA. Ila hicho ni arobaini na tano.