Nina digrii ya fiziotherapia ya nyumbani, huku Uingereza niandike nini kwenye kadi ya biashara?

Kiganja_Reading
Wakuu salama? Naombeni ushauri hasa mlioko UK. Mimi Mtanzania, nina digrii ya fiziotherapia ya KCMC Moshi na nilishafanya kazi hospitali kabla sijamfuata mke wangu huku Reading, yeye nesi, mimi nipo kwenye viza yake. Kwa sasa nabeba maboksi godauni, ila washkaji mgongo ukiwakaza wananifuata mimi, nikasoma kozi ya sports massage level 3 nikapata cheti na sasa kuna jimu wamekubali kunikodishia chumba wikendi. Shida ni kadi. Nataka niandike Physiotherapist maana ndicho nilichosomea, mwenye jimu kanitolea macho, eti usithubutu bila namba ya HCPC, lile baraza linalosajili wahudumu wa afya huku. Halafu mtaa wa pili tu hapo kuna mmoja kaandika Manual Therapist, mwingine Sports Therapist, na kuna jamaa anajiita Back Pain Specialist hana namba yoyote na anatoza pauni 60. Yaani mimi mwenye digrii nijiite mkandaji, yeye wa kozi ya wikendi awe specialist? Hii imekaaje?

BabuKipara
Andika tu mkuu, nani atakukagua? Wateja kwanza, makaratasi baadaye.

NesiWaLuton
Babu acha kumpoteza mwenzio. Physiotherapist na Physical Therapist ni majina yanayolindwa na sheria hapa, ukijiita hivyo kuwadanganya watu wakati humo kwenye rejista ya HCPC ni kosa la jinai, na kwa England na Wales faini yake haina kikomo. Kukagua nako ni sekunde tu, rejista iko wazi mtandaoni, mtu anaandika jina lako anaona upo au haupo. Na atakayekuripoti wala si polisi, ni fizio wa kliniki ya jirani anayelipia usajili wake kila mara akikuona unakula bure.

KichwaNgumu
Nesi yuko sahihi ila niongezee, maana wengi hapa ndo wanachanganya. Sheria inalinda JINA, hailindi mikono. Osteopath, wale wanaotibu mifupa na misuli kwa mikono, wana sheria yao ya 1993 na hao wamekaba mpaka penalti, imetaja hadi vijina vya kuzungukia kama osteotherapist, chiropractor, wale wa kunyoosha uti wa mgongo, nao wana ya 1994 ya namna hiyo hiyo. Lakini kile kitendo chenyewe, kukanda, kunyoosha, hata kuizungusha shingo mpaka ilie ka!, hakuna sheria inayosema ni cha fulani peke yake. Ndo maana huyo wa Back Pain Specialist anapeta, hilo jina halina mwenyewe. Manual therapist, sports therapist, massage therapist, yote hayo yako nje ya uzio. Mimi naona ni upuuzi kwa sababu mteja akisoma therapist anajua wote walewale, ila ndo sheria ilivyo.

MamaZuhura_MK
Niongee kama mteja jamani. Mamangu alikuwa akipata ganzi mkononi, akaenda kwa mmoja wa hao therapist akawa anakandwa bega, wiki ikiingia wiki ikitoka, hela zinaenda. Mwisho nikampeleka kwa fizio aliyesajiliwa. Yule kabla hajamgusa bega aliuliza ganzi inashukia vidole gani, akampa vidole vyake viwili amwambie abane kwa nguvu, kulia kisha kushoto, akagonga viwiko na kile kinyundo, akasema bega halina neno hapa, twende shingoni. Nikataka kumshtaki yule wa mwanzo, nimshtaki wapi? Hana bodi, hana namba. Huyu mwenye namba akikosea kuna pa kulalamika na anaweza kufutwa.

Kiganja_Reading
Dah mama pole. Hiyo ndo inayoniuma, hivyo vipimo mimi navijua, nilivifanya kila siku wodini. Sasa nikiandika Massage Therapist halafu chini BSc Physiotherapy, KCMC? Si uongo huo.

KichwaNgumu
Si uongo, na sheria ya HCPC inaangalia nia ya kudanganya. Ila inasema pia hata kwa kudokeza. Mtu akiiona kwenye kadi hatasoma KCMC, atasoma Physiotherapy akakaa kitandani akiamini umesajiliwa. Mimi nisingeiweka.

Kisauni254
Na si wazungu peke yao bana, hata Kenya kuna baraza la wafizio, limeletwa na sheria ya 2014.

FizioWaLeeds
Nimepita njia hiyo, tena na digrii ya Afrika Mashariki. Omba HCPC kama mwombaji wa kimataifa. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, wanataka 7.0 na pasiwe na kipengele chini ya 6.5. Kinachochelewesha ni chuo, maana wanataka maelezo ya kila somo, saa za darasani na za kliniki, kwa hiyo anza kuwasumbua leo, tena kama una ndugu Moshi mtume aende ofisini kwa miguu maana barua pepe zitalala. Wakati unasubiri fanya masaji kama masaji. Ipo rejista ya hiari ya watu wa tiba kama masaji, inaitwa CNHC, ingia. Bima kata, lakini soma wanachofidia, ni kile kilichopo kwenye cheti chako cha level 3, ukinyoosha shingo ya mtu kwa ujuzi wa KCMC ikaharibika wanaweza kukuruka mchana kweupe. Ukihamia London uliza halmashauri, nyingi zinadai leseni ya masaji kwa sheria ya 1991. Kuna na habari ya VAT, fizio aliyesajiliwa hatozi, wa masaji anatozwa akivuka pauni 90,000 kwa mwaka, hiyo ni ndoto za baadaye haha.

NesiWaLuton
Wengine msikurupuke kuiga. Yeye ni dependant, yaani yupo kwenye viza ya mkewe, anaruhusiwa kujiajiri. Wewe mwenye viza ya carer, ya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa, huruhusiwi kufungua biashara ya pembeni kama hii ya masaji, utaharibu viza.

BabuKipara
Haya nimenyoosha mikono.

Kiganja_Reading
Nimewaelewa sana. Kadi nimeandika Sports and Remedial Massage, jina na simu, basi. Jumatatu napiga simu chuoni. Ila kuna kitu, binti wa mapokezi pale jimu kaposti Insta leo asubuhi, picha yangu na maneno "our new physio", likes kibao. Physio ni kifupi tu, au nako kuna noma?

FizioWaLeeds
Noma ile ile, mteja ataelewa kile kile. Mwambie aifute sasa hivi, na umwambie kwa meseji usimpigie, ibaki kwenye simu yako.