Msaada: goldfishi wanahema juu ya maji, nimewapa dawa ya vidoa vyeupe ndo hali imezidi

dagaa_mchele:
Wakuu habari za asubuhi. Nina tenki la lita 80 hivi hapa Dar, goldfishi watano, wana miezi nane kwangu na hawajawahi kunisumbua. Jumapili iliyopita nikamwona mmoja ana vidoa vyeupe vidogo vidogo kama chembe za chumvi, nikaingia Yutubu nikaambiwa hiyo waitispoti, ukichelewa tenki zima linaondoka. Basi nikakimbia kwa muuza samaki akanipa ile dawa ya bluu, methilini bluu, nikamwaga, na kwa vile nilitaka usafi wa uhakika nikatoa na sponji ya filta nikaiosha bombani mpaka ikawa kama imetoka dukani. Siku ya tatu wote watano wako juu, midomo inapiga piga maji, mapezi wameyabana mwilini, yule mkubwa mkia una michirizi myekundu kama mishipa ya damu. Leo nimeamka mmoja kafa na wala sio yule mwenye vidoa!! Muuzaji ananiambia niongeze dozi. Niongeze?

Mvuvi wa Sebuleni:
Usiongeze hata tone mkuu. Kwanza nijibu haya: vidoa viko wapi hasa, mwili mzima mpaka mkiani au sehemu moja tu? Kabla ya dawa kuna aliyekuwa anajisugua kwenye mawe? Na wenzake wamepata vidoa au ni huyo huyo mmoja mpaka leo?

kobe_mzee:
Mimi huwa natupia chumvi ya jikoni tu na kuongeza pampu ya hewa, mambo ya madawa yananishinda. Pole lakini.

dagaa_mchele:
Nimempiga tochi ya simu hapa. Viko kwenye vifuniko vya mashavu, kushoto na kulia, halafu vingine vimejipanga mstari kwenye ule mfupa wa mbele wa mapezi ya kifuani, kama mtu kavishona. Mwilini hamna, mkiani hamna. Wenzake hawana. Kujisugua sijaona, ila wiki ile alikuwa anamkimbiza mmoja kutwa nzima anamgonga tumboni, nikajua ni ukorofi.

Mvuvi wa Sebuleni:
Ndugu yangu huyo haumwi, huyo dume amebalehe 😂 Goldfishi dume akitaka kuzalisha anatoa vipele vyeupe hapo hapo ulipotaja, mashavuni na kwenye mfupa wa pezi la mbele, na huko kumkimbiza mwenzake na kumgonga tumbo ndo kumsukuma jike atage mayai. Waitispoti haichagui sehemu wala haijipangi mstari, inatapakaa ovyo mwilini na mkiani, samaki wanajisugua, na ndani ya siku chache wenzake nao wanakuwa navyo.

Kinachowaua ni matibabu. Wale bakteria wanaokula amonia, ile sumu inayotoka kwa samaki wenyewe, wanaishi kwenye ile sponji, wewe umewaosha na maji ya bomba yenye klorini, waliosalia dawa ya bluu ikawamalizia maana ile haichagui bakteria mbaya na mzuri. Goldfishi anatoa amonia kupitia mashavu muda wote, sasa haina wa kuila inawaunguza mashavu, ndo maana wanahema juu hata kama pampu inafanya kazi, na ile michirizi myekundu mkiani ndo hiyo hiyo.

shangazi_K:
Mwanangu mi nimeua samaki wengi kwa mtindo huo huo kabla sijapata akili, kwa hiyo nisikilize. Leo toa nusu ya maji, kesho nusu tena, na keshokutwa pia. Maji ya kuweka usitoe bombani moja kwa moja, tia dawa ya kuondoa klorini, au kama huna yaache ndooni wazi na jiwe la hewa usiku kucha na mchana wake, yawe na joto sawa na ya tenki. Chakula hapana, siku tatu, hawafi njaa hao. Filta weka mkaa wa akwariam uvute ile bluu. Na kama una mtu mwenye tenki zima lisilo na ugonjwa, muombe akukamulie sponji yake chafu kwenye maji yako, ule uchafu wa kahawia ndo dhahabu yenyewe, ndimo wanamoishi wale bakteria.

Amonia ipime, ila subiri bluu itoke. Kipimo cha matone kikiwa salama ni njano, na njano ukiichanganya na bluu unapata kijani ya uongo utapagawa bure.

@kobe_mzee chumvi haiondoi amonia baba. Inasaidia baadaye nitraiti ikipanda, ile sumu ya pili inayobaki bakteria wakishakula amonia, gramu moja kwa lita inatosha.

kobe_mzee:
Sawa shangazi nimekaa 🙏

dagaa_mchele:
Mrejesho, leo siku ya kumi. Wanne wako hai, wameshuka chini wanachimba changarawe kama zamani. Amonia juzi ilikuwa kijani iliyokolea, leo njano yenye ukijani kwa mbali. Lakini sasa kuna jambo jipya, yule mwenye michirizi ameanza kuota weusi kwenye ncha za mkia na mgongoni, kama masizi. Jana hakuwa nao. Nishike dawa gani??

shangazi_K:
Rudisha chupa kabatini wewe! Huo weusi ni pale palipoungua panapona, huwa unatoka amonia ikishashuka na utapotea wenyewe. Endelea kubadilisha maji. Na hilo dume litenganishe siku kadhaa, jike aliyetoka kuungua mashavu hana pumzi ya kukimbizwa.

dagaa_mchele:
Nimelihamishia kwenye beseni la nguo, mke wangu hajajua bado.