Uzamili wa uchumi wa mazingira: SUA, UDSM au Wageningen?

Nguchiro: Wakuu, nataka kusoma uzamili wa uchumi wa mazingira. Nasuasua kati ya SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro) na UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), ila rafiki ananishawishi niombe chuo cha Wageningen, Uholanzi. Dirisha linakaribia kufungwa. Ipi bora?

MzeeWaStata: Hujasema kitu, mkuu. Digrii ya kwanza ulisoma nini? GPA? Nani analipa?

BintiMoro: SUA, funga mjadala. Milima ya Uluguru unaiona ukiwa darasani.

Nguchiro: Sayansi ya mazingira, 3.6. Hisabati tuliachana kidato cha nne.

MzeeWaStata: Hapo pana kazi. Sisi wa UDSM tulikuwa chini ya mpango wa AERC, ule mtandao wa utafiti wa uchumi Afrika: maikro, makro, ekonometria (takwimu za uchumi), kisha tukapelekwa Nairobi kwa masomo ya kuchagua, uchumi wa mazingira ukiwemo. Bila kalkulasi utaona giza.

Dodoso: Hesabu si kitu, subirini uwandani. Tasnifu yangu niliuliza kaya ingeongeza shilingi ngapi kwenye bili ya maji ili msitu wa chanzo ulindwe. Mama wa kwanza kaangalia kitambulisho changu, kamwita mumewe: "Wa maji huyu, wanapandisha bili!" Kufika nyumba ya nne, habari imeshatangulia. Sifuri. Sifuri. Mzee mmoja akanifungulia bomba, likakoroma tu, akaniuliza analipia nini. Msimamizi akasema kuna sifuri ya asiyeuthamini msitu na sifuri ya aliyelikataa swali lenyewe, na mimi sikuweka swali la kuzitenganisha. Nikarudi upya, kwa nauli yangu. Miezi saba.

MtuWaKwale: Ndiyo maana siyaamini madodoso. Njooni Gazi, pwani ya Kenya, muone: Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa kutunza mikoko, wanauza hati za kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo tangu 2013, pesa zimeingia kwenye maji na shule. Hiyo ndiyo bei.

MzeeWaStata: Bei ya nani, ya mnunuzi wa Ulaya? Elinor Ostrom alipewa Nobeli ya uchumi 2009 kwa kuonyesha wanakijiji wanaweza kutunza mali yao kwa kanuni zao wenyewe.

BintiMoro: Na Ostrom alisomea siasa, si uchumi. Nguchiro asitishwe na kalkulasi.

MzeeWaStata: Nitajie Ostrom wa pili.

Nguchiro: Nashukuru wakuu. Nilisahau, kazini wamesema watalipa ada, ila chuo cha ndani tu.

MzeeWaStata: Sasa Wageningen ulituletea ya nini?

Dodoso: Hiyo ada wameandika, au wamesema tu?