HII TU??? Mtu anakufunulia sufuria kwako mwenyewe halafu anakuuliza HII TU???

Wakuu, naandika vidole bado vina chumvi na moyo unachemka. Herufi kubwa mtanisamehe.

Mnamjua. Simtaji, kila safu ya vyumba vya kupanga hapa Kampala ina wake, na nikimtaja mtasema ni wenu. Ni yule yule wa "jirani, kuna chumvi?" Tangu nihamie sijaona moshi ukitoka kwake, lakini kitambi kinapanda kila mwezi kama kodi.

Sasa sikieni. Mvua imeanza Ijumaa usiku. Hii ya Aprili haina adabu, haitangulizi hata wingu. Jumamosi naamka mabati yanapigwa, huwezi kusikia hata njaa yako. Nguo nilizofua Alhamisi nimezianika humu humu chumbani, zinanukia kama beberu. Umeme ukakatika saa mbili asubuhi. Mkaa umelowa. Boda wote wamebanana kwenye baraza la duka wakila chapati. Nikalala chali nikahesabu misumari ya bati. Nilifika 47, nikasinzia, nikaanza upya. Nikawaza pia kwamba jogoo wa mwenye nyumba hakuwika hata mara moja siku ya mvua, kwa hiyo siku nyingine zote anawika makusudi kutukomoa. Hayo ndiyo mawazo ya mtu asiye na umeme.

Jioni mvua ikakatika. Nikaruka madimbwi mpaka Nateete nikanunua nsenene, wale panzi wa msimu wa mvua. Kikombe kimoja cha plastiki, 10,000, zimeshanyonyolewa mabawa na miguu. Nikapepea sigiri mpaka macho yakawa ya mlevi. Wanaojua wanajua: nsenene hazitiwi mafuta, unaziacha zijikaange kwa mafuta yake zenyewe, chumvi kidogo, mwishoni kitunguu na pilipili. Harufu ikatoka. Kosa langu ni hapo, sikufunga mlango.

Akaingia. Hodi hakuna. "Gyebale ko" hakuna. Moja kwa moja kwenye sigiri, akafunua sufuria, akainama, akachungulia kama fundi anayetazama injini ya gari lililoshindikana, akasema:

"Hii tu?"

HII TU! Sufuria yangu, sigiri yangu, kifuniko changu kiko mkononi mwake kinadondosha jasho kwenye godoro langu, HII TU!

Na kinachoniua zaidi ni hiki: huyu mtu HAJUI KISWAHILI. Mwaka mzima nikimwambia habari za asubuhi anacheka, "Oluswayiri silumanyi ssebo," eti ni lugha ya maafande na wezi. Nikidai jerikeni yangu ya lita 20, hajui Kiswahili. Nikimkumbusha zamu yake ya kuosha choo, hajui. Jana mbele ya nsenene ulimi umefunguka! Maneno mawili safi, lafudhi ya Unguja!

Halafu akakaa kitandani kwangu, akala. Hicho hicho cha "hii tu" akakila kwa mikono miwili. Mimi nimepata nsenene kumi na nne. Nilizihesabu, maana siku nzima nilikuwa kwenye kuhesabu. Akainuka, akajifutia kwenye taulo langu lililokuwa limeanza kukauka, akasema "webale", asante ya Kiganda. Kiswahili kikaisha.

Hii tu. Sijalala.

---

Mama Sigiri: Pole mwanangu. Lakini kikombe kimoja, kweli? Hata mimi ningeuliza.

MpangajiMtulivu: Mama, heshima yako naitunza, lakini toka kwenye uzi wangu.

BodaNdeeba: Nimecheka mpaka abiria kaniuliza kama niko sawa. "Kifuniko kinadondosha jasho"

Mwalimu Mstaafu: Unasema Kiswahili chake ni safi. Si safi. Nsenene ni wadudu, tena wengi. Alipaswa kusema "hawa tu?" Na wewe umeandika "hazitiwi mafuta". Wana uhai, ni "hawatiwi".

BodaNdeeba: Mwalimu, uhai gani umebaki kwenye ile sufuria?

Mwalimu Mstaafu: Kuku akikaangwa bado ni kuku huyu. Sarufi haiangalii jiko.

Binti Arua: Labda alimaanisha mboga. Mboga hii. Basi yuko sahihi.

MpangajiMtulivu: MNAMTETEA? Mnamsahihishia sarufi mtu aliyekula chakula changu?

MjukuuWaBombo: Mimi nampongeza mleta uzi. Kiswahili kimewekwa kwenye katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likasema kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Miaka yote hiyo watu wanakaa vikao, wewe umefundisha mtu mzima kwa kikombe kimoja cha nsenene. Nenda wizarani wakupe darasa.

AfandeSiMimi: Hilo la maafande ni kweli. Mukono nikimwambia boda "twende" bei inashuka yenyewe. Nikisema Kiingereza inapanda mara mbili. Siku hizi hata mzigo naagiza kwa Kiswahili na sauti nzito. Msiharibu hii biashara kwa kufundisha watu.

MhayaWaMutukula: Tuanze na msingi. Ni SENENE. Hiyo N mmeiokota wapi?

TaaZaMasaka: Kaa huko ng'ambo ya mpaka. Hapa Masaka msimu ukifika tunasimamisha mabati mapya, chini mapipa, juu mataa yanayoweza kumwita mtu kutoka mwezini, na moshi wa majani. Wanakuja, wanagonga, wanateleza wenyewe. Magunia. Nyie Bukoba mnakimbizana nao na chandarua.

MhayaWaMutukula: Tunawakamata mmoja mmoja kwa sababu tunawaheshimu. Nyie mmefungua kiwanda. Halafu mnashangaa kwa nini kikombe ni 10,000.

TaaZaMasaka: Kiwanda ndiyo! Mwaka 2021 wetu walifika mpaka kwenye ndege ya kwenda Dubai, jamaa anawauza kwenye mfuko huku abiria wamesimama kama wako kwenye teksi ya Kyengera. Wenu wamefika wapi?

MhayaWaMutukula: Wamefika tumboni. Wa kwenu walifika kwenye habari, halafu wauzaji wakafika polisi.

MpangajiMtulivu: Jamani. HII TU. Aliniambia HII TU.

Muziro Wangu: Mnajua nani kaonewa humu? Mimi. Niko ukoo wa Nsenene. Siwali, baba hakuwala, babu hakuwala, ni muziro wetu, mwiko wa ukoo. Nimepanga katikati ya nyumba nne, na zote nne msimu huu zinakaanga. Jirani wa kushoto sigiri yake iko chini ya dirisha langu KABISA. Nimelala na harufu siku tatu. Wewe umebakiwa kumi na nne unalia?

Binti Arua: Si ufunge dirisha

Muziro Wangu: Nikifunga joto, nikifungua majaribu.

Mama Sigiri: Wanaume mnalia sana humu. Zamani kwa Waganda anayehangaika kuwakamata ni mwanamke, usiku, na umande, na mbu. Na hawali! Anamletea mume, mume anamnunulia vazi la gomesi. Mimi nimewanyonyoa msimu wa Novemba mpaka kucha zikageuka kijani. Sasa ni Aprili, msimu mwingine umefika. Gomesi liko wapi? Kila nikiuliza ananiambia vitambaa havijashuka.

Binti Arua: Mama mlete humu tumuulize sisi.

Mama Sigiri: Yuko hapa pembeni anasoma. Amegeukia ukutani.

BodaNdeeba: 😂😂😂 Mzee nunua gomesi

Kumbikumbi FC: Mimi sijui mnagombania nini. Mvua hii hii inatoa kumbikumbi bure. Wanatoka ardhini wenyewe, unaweka beseni la maji chini ya taa, asubuhi unachota. Mleta uzi angekuwa na beseni asingeulizwa hii tu.

MpangajiMtulivu: Taa gani? Nimesema UMEME HAUKUWEPO. Kuna mtu amesoma uzi?

Kumbikumbi FC: Niliishia kwenye misumari.

Sina Usingizi: Nyie mna amani sana. Njooni kwangu Kawempe. Kizindaalo cha matangazo wamekifunga kwenye muembe, mita kumi kutoka kitandani. Saa kumi na moja alfajiri, JUMAPILI, mvua ndiyo kwanza imetulia na usingizi umekolea: "Ffe bano!" Kisha mbuzi mweusi amepotea. Kisha chanjo ya watoto. Kisha mbuzi tena. Kisha fulani anadaiwa na mama wa mihogo na ajitokeze kabla hajatajwa baba yake.

AfandeSiMimi: Chetu kinatangaza msiba na bei ya nyanya kwa pumzi moja. Mwezi uliopita tulielewa vibaya, tukaenda msibani tumebeba vikapu.

Muziro Wangu: Peleka kwa mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa.

Sina Usingizi: Kizindaalo ni cha mwenyekiti wa LC.

Mwalimu Mstaafu: Kwa Kiswahili ni kipaza sauti.

Sina Usingizi: Mwalimu, hiki hakipazi sauti. Hiki kinapasua.

TaaZaMasaka: Kinatumia umeme au sola? Maana umeme ukikatika angalau mnapumzika.

Sina Usingizi: Betri ya lori. Mungu anione.

MpangajiMtulivu: Kwa hiyo hakuna hata mmoja atakayeniambia nimfanye nini? Amenitumia ujumbe sasa hivi. Kwa Kiswahili! "Leo vipi jirani."

Binti Arua: Sina Usingizi, ni mbuzi mweusi mwenye doa jeupe sikioni?

Sina Usingizi: Ndiyo! Umemwona?

Binti Arua: Hapana. Na huku kwetu wamemtangaza.

BodaNdeeba: Huyo nimembeba juzi kutoka Bwaise. Yaani niliyembeba alikuwa naye mapajani. Alisema ni wa mahari.

Sina Usingizi: Boda njoo inbox HARAKA